Kabla ya Kupasuliwa Moyo, Ini Nalo Lipimwe

Mgonjwa anapoambiwa kwamba valvu ya moyo wake imeharibika na anahitaji upasuaji, jamaa huhangaikia nauli, fedha na watu wa kutoa damu. Sisi wauguzi tunaomba mkumbuke jambo jingine: ini.

Ini hutengeneza protini zinazosaidia damu kuganda, tena husafisha sumu na dawa mwilini. Likisinyaa na kuwa gumu kwa sababu ya pombe au homa ya ini aina ya B au C, kazi hizo hupungua.

Katika upasuaji mwingi wa moyo, damu hupitishwa kwenye mashine inayoshika nafasi ya moyo na mapafu, na mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye ini bovu anaweza kuendelea kutokwa damu hata baada ya kushonwa. Figo zinaweza kushindwa kazi, na vidonda kuingiwa na vijidudu.

Kwa hiyo madaktari hupima damu, huangalia kama tumbo lina maji na kama akili imechanganyikiwa, kisha humweka mgonjwa katika kundi A, B au C. Wa kundi A mara nyingi hupasuliwa kwa uangalifu. Wa B yumo katika hatari kubwa. Wa C hatari yake ni kubwa mno, na kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine. Kwa mfano, baadhi ya valvu zilizobana hupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa kinenani, bila kupasua kifua.

Tena, msikate tamaa upesi. Pengine moyo dhaifu ndio uliolijaza ini damu. Moyo ukitibiwa mapema, ini hilo huweza kupata nafuu.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Basi mwambieni daktari:

1. Kiasi cha pombe anachokunywa mgonjwa, hata kama ni mzee wa kuheshimiwa.
2. Kama amewahi kuwa na macho ya manjano, kuvimba tumbo au kutapika damu.
3. Dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba.

Maswali hayo hayaulizwi ili kumhukumu mtu. Jibu la kweli ndilo linalomwezesha daktari kuchagua njia itakayomrudisha mgonjwa nyumbani akiwa hai.