Vumbi la Njia Linakula Moteri

Ndugu msomaji, wewe unayetoka Ngezi hapa Bunia kupeleka watu Mongbwalu, karibu kilomita 80, sikiliza. Moteri inakufa polepole, na siku inapokatika porini, abiria wako wanalala njiani.

Fungua kwanza kitabu cha gari. Mafuta yaliyoandikwa pale, kama 15W-40, ndiyo ununue. 40 ni uzito wake moteri ikiwa moto. Bidoni iliyokwisha kufunguliwa, iache.

Ukibadilisha mafuta, badilisha na filtri yake, maana filtri chafu inaharibu mafuta mapya. Njia ya vumbi haingoji kilomita zote za kitabu: badilisha mapema. Filtri ya hewa itazame kila wiki.

Vijana, filtri ni bei ndogo. Moteri mpya itakuuzisha shamba.