SOMA BOMBA KABLA YA KULILIPIA

Sisi tunaokaa Kisiwani, pamoja na jirani zetu wa Maore na Ndungu, maji yetu yanatoka mlimani. Huko juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, ambacho kimepita mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko kuna mvua na ukungu. Huku chini, upande wa Mkomazi, ni jua na vumbi. Maji yanateremka yenyewe, na mara nyingi hakuna haja ya mashine ya kuyasukuma.

Mababu zetu waliyapokea kwa mifereji na ndiva. Usiku ndiva inajaa, mchana inafunguliwa, maji yanakwenda mashambani. Ndiva ikibomoka, udongo na mawe ya kuizibia yapo hapo hapo. Hakuna aliyeweza kumwuzia Mpare udongo wa bandia! Lakini bomba haliokotwi mtoni. Linatoka dukani, na dukani limeletwa kutoka kiwandani, pengine ng'ambo ya bahari.

Shida yenyewe mnaijua. Watu wanafanya msaragambo, wanachimba mtaro siku nyingi. Bomba linalazwa, linafukiwa, maji yanatoka, akina mama wanapiga vigelegele. Baada ya miezi michache bomba linapasuka. Linazibwa. Linapasuka tena mahali pengine. Koki iliyong'aa kama fedha sasa inavuja, na ukiikaza, shingo inakatika mkononi. Mwisho wake akina mama wanarudi kubeba ndoo kutoka mbali, na mtaro ule waliuchimba wao.

Wapo wanaosema, "Eti vitu vya kutoka nje vyote ni vibovu." Sisi hatukubali. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini, na vifaa vingi vya miradi ile vilitoka nje. Lengo halikutimia ilipofika 1991, lakini sababu haikuwa kwamba kila bomba la kigeni ni baya. Baadaye, mwaka 1984, wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa, kizuri na kibaya pamoja. Kiwanda kile kile kinaweza kutengeneza bomba nene na bomba jembamba. Mwenye duka anaagiza lile ambalo sisi tunalikimbilia, yaani la bei ya chini.

KWA NINI LINAPASUKA USIKU?

Maji yana uzito. Kila mita 10 za kuteremka zinaongeza kipimo kimoja cha nguvu, kinachoitwa bari. Tuseme tangi liko mlimani, na mahali pa kuchotea pako chini yake kwa mita 80. Gawanya 80 kwa 10, unapata bari 8. Usihesabu urefu wa mtaro. Mtaro unaweza kuzunguka kilomita mbili, kinachohesabiwa ni kimo tu.

Mchana koki zikiwa wazi, maji yanatembea, na nguvu inapungua. Usiku koki zote zikifungwa, maji yanasimama na mzigo wote unalala juu ya ukuta wa bomba. Ndiyo maana jioni tunaliacha bomba likiwa zima, asubuhi tunakuta dimbwi. Tembo wa Mkomazi wana makosa yao, lakini hilo si lao.

Basi, bomba linatakiwa kuwa na nguvu kushinda mzigo wa usiku. Nguvu hiyo imeandikwa juu yake. Tafuta herufi PN na namba inayofuata. PN6 maana yake linastahimili bari 6, yaani kimo cha mita 60. PN10 ni mita 100. PN16 ni mita 160. Kwenye mfano wetu wa mita 80, bomba la PN6 halifai hata likiuzwa nusu bei. Kama kimo ni kikubwa sana, fundi hujenga tangi dogo katikati ya mteremko. Maji yanaingia humo, nguvu yake inakwisha, yanaanza safari upya.

Jambo jingine watu wengi hawaambiwi. Namba hiyo ya PN imepimwa kwa maji ya baridi kiasi, nyuzi 20. Bomba la plastiki likipata joto hulegea. Likifika nyuzi 40, karibu robo ya nguvu yake imekwenda. Sasa fikiria bomba jeusi lililolazwa juu ya ardhi kwenye jua la Kisiwani! Lifukieni, tena chini sana, jembe lisilifikie.

MAANDISHI YANAWEZA KUDANGANYA

Bomba zuri lina maandishi mwili mzima: jina la kiwanda, ukubwa, PN, aina ya plastiki, tarehe, na alama ya mita. Bomba lisilo na maandishi, liacheni dukani. Lakini mtu anayeweza kutengeneza bomba bovu anaweza pia kuliandika uongo. Kwa hiyo tukishasoma, tupime.

Bomba la plastiki hutajwa kwa upana wake wa nje. Lile tunaloliita la inchi moja huandikwa 32, yaani milimita 32. Kama limeandikwa PE100 na PN16, unene wa ukuta wake usipungue milimita 3. Likiwa PN10, usipungue milimita 2. La inchi mbili huandikwa 63. Hilo likiwa PN16, unene ni milimita 5.8, na likiwa PN10 ni 3.8. Rula ya mtoto wa shule inatosha kugundua wizi mkubwa. Pimeni pande zote za mdomo wa bomba, maana mengine ni manene upande mmoja na membamba upande wa pili, nayo hupasukia pale pembamba.

Mzani nao unasema kweli. Rola ya mita 100 ya bomba la 32, PN16, ina uzito wa karibu kilo 27. Mkiipima kwa mzani wa mpunga mkakuta kilo 18, bwana, hapo mmeuziwa PN10 yenye maandishi ya PN16, au mita zimepunguzwa. Kateni pia kipande chembamba mkitazame. Plastiki safi ni nyororo, inapindika. Ile iliyochanganywa na plastiki kuukuu ina punje na vitundu, na mara nyingine inavunjika ukiikunja.

Koki ina ujanja wake. Koki imara ni ya shaba, iliyopakwa rangi ya fedha kwa juu. Ya bandia ni ya madini laini ya zinki, nayo imepakwa rangi ile ile. Wengine hupima kwa sumaku. Sumaku itashika chuma, lakini haishiki shaba wala zinki, kwa hiyo haitoshi. Tumia tupa. Kwaruza kidogo ndani ya mdomo wa koki. Ikionekana njano, ni shaba. Ikionekana kijivu, irudishe. Muuzaji akikataa koki yake isikwaruzwe, amekwisha kukujibu.

Koki inayovuja si jambo dogo. Weka kikombe cha robo lita chini yake. Tuseme kinajaa kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 15. Kwa siku nzima ni lita 360. Hizo ni ndoo 18 za lita 20, zimemwagika chini wakati mzee wa mtaa wa mwisho hana maji ya kunywa.

Haki lazima isemwe: mafundi nao wana sehemu yao. Kuna wanaochoma bomba kwa moto ili litanuke, kisha wanachomeka jingine ndani na kufunga mpira wa baiskeli. Plastiki iliyoungua imekwisha nguvu, hata kama ilitoka kiwanda bora kabisa. Viungio vya kukaza kwa mkono vipo. Vinunuliwe pamoja na bomba, siyo baada ya fedha kwisha.

KABLA NA BAADA YA KULIPA

Kamati ya maji isitume mtu mmoja Same kwenda kununua. Waende watatu, wakiwa na rula, tupa na karatasi yenye vipimo kutoka kwa mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Risiti isiandikwe "bomba" tu. Iandikwe ukubwa, PN, idadi ya mita na jina la kiwanda. Risiti ya neno moja haimbani mtu.

Shirika la Viwango, TBS, lipo kwa sheria tangu mwaka 1975, na kazi yake ni kuhakikisha ubora wa bidhaa, za ndani na za nje. Mizani na mita zilizopunguzwa ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Bidhaa zenye jina la bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Lakini ofisi hizi haziwezi kushika neno la mdomo. Bomba likipasuka, msitupe kile kipande wala msiwape watoto wakichezee. Kateni mita moja pamoja na maandishi yake, kifungeni na nakala ya risiti, andikeni tarehe lilipolazwa, tarehe lilipopasuka na kimo cha tangi. Halafu kipelekeni kwa mhandisi wa wilaya pale Same, na mumwombe aandike barua ya kwenda TBS, Kanda ya Kaskazini, Arusha.