Taa Ikigoma Kuwaka Ghafla: Ya Kukagua Kabla ya Kushika Bisibisi

Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imebadili maisha ya usiku katika vijiji vingi vya Mkoa wa Simiyu. Katika Kata ya Nkoma, Wilaya ya Itilima, kama ilivyo katika kata nyingine za vijijini, nyumba iliyokuwa ikitegemea kibatari au taa ya sola sasa inaweza kuwa na mita ya LUKU, soketi na taa katika kila chumba. Baadhi ya wakazi, hasa wenye maduka na nyumba za wageni, wameanza pia kufunga swichi janja, ambazo huwasha na kuzima taa kwa amri ya simu.

Pamoja na huduma hiyo limekuja swali jipya la nyumbani: taa iliyowaka vizuri jana, leo imegoma. Afanye nini mwenye nyumba?

Wengi huanza kwa kupanda kigoda na kufungua swichi kwa bisibisi. Hatua hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na mara nyingi haihitajiki. Hitilafu nyingi hugunduliwa bila kufungua kifaa chochote, na zile zinazolazimu kifaa kufunguliwa ni kazi ya fundi mwenye leseni. Ukaguzi salama huanza kwa swali moja: giza limeishia wapi? Je, ni mtaa mzima, nyumba nzima, chumba kimoja, au ni swichi moja tu? Jibu la swali hilo huonyesha chanzo cha tatizo, na huonyesha pia nani anayepaswa kulishughulikia.

Giza la mtaa mzima

Kabla ya kugusa chochote, mkazi atoke nje na kutazama nyumba za jirani zinazotumia laini ileile. Nazo zikiwa gizani, tatizo liko katika njia ya umeme, na hakuna cha kutengeneza ndani ya nyumba. Taarifa itolewe TANESCO kwa kupiga namba 180 bila malipo, au katika ofisi zake za Bariadi.

Wakati wa kusubiri, ni busara kuchomoa jokofu, televisheni, ruta na chaja za simu. Umeme unaporejea huweza kupanda na kushuka kwa muda mfupi, na vifaa vyenye saketi za kielektroniki, swichi janja zikiwemo, huumia kwa urahisi wakati huo. Tahadhari hiyohiyo ichukuliwe katika msimu wa mvua, radi inapoanza kusikika kwa mbali.

Ikiwa waya umeanguka chini, watu na mifugo wakae mbali, angalau mita 10, hata kama waya huo unaonekana umekufa. Ardhi yenye unyevu inaweza kupitisha umeme hadi kwenye miguu ya anayeukaribia.

Giza la nyumba nzima

Jirani akiwa na umeme na nyumba moja haina, ukaguzi unaanzia kwenye mita. Jambo la kwanza ni salio la uniti. Linaonekana dogo, lakini husahaulika, hasa katika nyumba yenye watumiaji wengi wa mita moja.

Ikiwa mita iko juu ya nguzo na namba huingizwa kwa rimoti iliyo ndani ya nyumba, betri za rimoti zikaguliwe. Betri zilizochoka huifanya ishindwe kuwasiliana na mita, na mkazi akadhani kwamba namba alizonunua ni batili.

Lipo jambo jingine linalowagusa wenye nyumba zilizofungwa muda mrefu, mfano mtu anayefanya kazi Mwanza au Dar es Salaam na kurudi kijijini mwisho wa mwaka. Mita za malipo ya awali za mfumo unaotumika katika nchi nyingi duniani, LUKU ikiwemo, zilikuwa na ukomo wa kuhesabu muda uliofikia mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Kwa sababu hiyo TANESCO iliwataka wateja kuboresha mita zao: mteja aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya namba, kila kundi likiwa na tarakimu 20. Mawili ya kwanza yaliboresha mita, na la tatu liliingiza uniti. Mita ambayo haikuboreshwa huzikataa namba mpya. Mwenye nyumba anayekutana na hali hiyo asijaribu kufungua mita wala kutafuta fundi wa mtaani. Awasiliane na TANESCO akiwa na namba ya mita yake.

Mita ikiwa na uniti na nyumba bado ina giza, kinachofuata ni meni swichi na breka zake. Breka iliyojikata mara nyingi husimama katikati, na kuisukuma juu peke yake haitoshi. Ishushwe kabisa kwanza, kisha ipandishwe. Ikijikata tena papo hapo, isilazimishwe. Breka hujikata kwa sababu imeona hatari: mzigo umezidi, nyaya zimegusana, au umeme unavuja kwenda ardhini. Kuifunga kwa waya, au kuibadilisha kwa breka kubwa zaidi ili isijikate, ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele kuwa mwizi ameingia.

Njia salama ya kumtafuta mkosaji ni kuchomoa vifaa vyote kwenye soketi, kupandisha breka, kisha kuvirejesha kimoja kimoja. Kifaa kinachoangusha breka kinapochomekwa ndicho chenye kasoro. Ikiwa breka inaanguka hata bila kifaa chochote, kasoro iko katika nyaya za nyumba, na hapo fundi aitwe.

Dalili moja haistahili kusubiri. Ikiwa baadhi ya taa zinawaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida huku nyingine zikififia, inawezekana waya wa nyutro umekatika au umelegea. Umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 230. Katika hali hiyo unaweza kupanda juu zaidi na kuunguza vifaa. Meni swichi izimwe mara moja, na TANESCO ipewe taarifa.

Giza la chumba kimoja

Taa moja ikigoma na nyingine zikiwaka, jibu rahisi ndilo la kwanza kujaribiwa. Zima breka ya taa, acha balbu ipoe, kisha weka balbu nyingine ambayo imethibitika kuwaka chumba kingine. Ikiwaka, tatizo lilikuwa balbu. Isipowaka, tatizo liko kwenye holda, swichi au waya.

Ieleweke kwamba kuzima swichi ya ukutani hakutoshi kuifanya holda iwe salama. Katika nyumba ambayo fundi alikosea na kupitisha waya wa nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto, holda hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mtu anayebadilisha balbu akiamini kuwa hakuna umeme anaweza kupigwa shoti. Ndiyo maana breka huzimwa kwanza, kila mara.

Swichi yenyewe nayo husema. Ikiwa inatoa mlio wa kukwaruza, ina joto, ina weusi pembeni au harufu ya plastiki inayoungua, waya wake umelegea au swichi imechoka. Breka ya taa izimwe na isiwashwe tena mpaka fundi afike. Joto dogo ndani ya swichi linatosha kuanzisha moto.

Swichi janja inapogoma

Swichi janja ina kazi mbili ndani ya boksi moja: inapitisha umeme kwenda kwenye taa, na inapokea amri kwa mtandao. Kwa hiyo inaweza kugoma kwa sababu za aina mbili. Njia ya kuzitenganisha ni kubonyeza kitufe chake cha ukutani kwa mkono. Taa ikiwaka, upande wa umeme ni mzima na tatizo ni mawasiliano. Isipowaka, ukaguzi urudi kwenye balbu na breka kama ilivyoelezwa hapo juu.

Upande wa mawasiliano, sababu za kawaida ni chache. Nenosiri la waifai limebadilishwa, na swichi inaendelea kutafuta la zamani. Kifurushi cha intaneti kimekwisha. Au swichi iliunganishwa kwa hotspoti ya simu, na mwenye simu amesafiri nayo. Vilevile, swichi nyingi za aina hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta ikibadilishwa na kuwekwa kwenye masafa ya gigahezi 5 tu, swichi haitaiona kabisa.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, swichi huamka mapema kuliko ruta. Mkazi asubiri dakika chache kabla ya kuamua kwamba imeharibika. Aangalie pia katika programu ya simu mpangilio unaoeleza taa iwe katika hali gani umeme ukirudi. Swichi iliyopangwa kubaki imezimwa haina kosa, imetii ilivyoagizwa. Ikiwa yote hayo hayakusaidia, kitufe hushikiliwa kwa sekunde kadhaa, kwa kufuata maelekezo ya kifaa husika, mpaka kitaa kidogo kimulike, kisha swichi huunganishwa upya.

Zipo pia kasoro za ufungaji. Katika nyumba nyingi, boksi la swichi lina waya wa moto na waya unaokwenda kwenye taa, bila nyutro. Swichi janja nyingi huhitaji nyutro ili zibaki macho muda wote. Zile zisizoihitaji hupitisha umeme kidogo sana kupitia balbu, na balbu ndogo ya LED inaweza kumetameta ingawa imezimwa. Muuzaji aulizwe swali hilo kabla ya kununua. Kamwe waya wa eathi usitumike badala ya nyutro: kufanya hivyo kunaweza kuweka umeme kwenye mabati ya jokofu au pasi, na anayeumia huwa ni mtu wa nyumbani.

Mpaka wa mkazi

Kwa ufupi, njia ya umeme hadi kwenye mita ni jukumu la TANESCO. Kuanzia baada ya mita, nyaya, breka, swichi na taa ni mali na jukumu la mwenye nyumba. Kazi ya nyaya hizo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Gharama ya fundi huyo inaweza kuwa juu kuliko ya kijana wa jirani mwenye testa, lakini nyumba iliyojengwa kwa mavuno ya misimu kadhaa ya pamba haistahili kuteketea kwa ajili ya swichi moja.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe kwa mikono. Meni swichi izimwe kwanza. Ikishindikana, asukumwe kwa mti mkavu na anayesaidia asimame mahali pakavu, kisha apelekwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu. Ukitokea moto, umeme ukatwe, maji yasimwagwe kwenye vifaa vya umeme, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114.

Kila familia inashauriwa kufanya jambo moja jioni ya leo, taa zikiwa bado zinawaka: kuwaonyesha watu wazima wote wa nyumba meni swichi ilipo na namna ya kuizima, na kuhakikisha njia ya kuifikia haijazibwa kwa magunia wala samani. Siku ya hatari, anayeijua meni swichi ndiye atakayewahi.