Waliorudi kusali Nyundo

Kilomita chache kutoka mjini Gisenyi, Rwanda, ukishika barabara ya Kigali, unafika Nyundo: kanisa kuu la jimbo, seminari ndogo, makumbusho ya wahanga. Misheni hii ilianza mwaka 1901. Mwaka 1952 ilipata askofu mzalendo, Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni ya Ubelgiji, na waumini walitembea kifua mbele.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi walikimbilia hapohapo, wakiamini hakuna atakayethubutu kumwaga damu nyumbani mwa Mungu. Waliuawa seminarini, wakauawa kanisani, mapadre wakiwamo. Wauaji wengi nao walikuwa wamebatizwa. Kule Nyange, parokia ya jimbo hilohilo, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani. Padre aliyeisimamia parokia hiyo, Athanase Seromba, alifungwa maisha na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha mwaka 2008, baada ya rufaa.

Aliyenusurika akasali wapi tena? Wengine walihamia kwa Wapentekoste, wengine walisilimu, wengine waliacha dini kabisa. Wengine walirudi kwenye parokia zilezile, na hao hawapaswi kudhaniwa kwamba wamesahau.

Mjini Gisenyi kwenyewe kuna jina linalowapa nguvu. Félicité Niyitegeka, Mhutu, mlei aliyejiweka wakfu, alikuwa akisimamia kituo cha Saint-Pierre. Aliwaficha Watutsi humo na kuwavusha wengine mpaka usiku kwenda Goma, Kongo. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke, kwa kuwa wauaji walishajua. Alimjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu 43 walio mikononi mwake. Ni heri afe nao. Tarehe 21 Aprili walichukuliwa hadi makaburi yaliyoitwa Commune Rouge. Hapo pia aliambiwa anaweza kuachwa hai kwa heshima ya kaka yake. Akakataa, akauawa. Leo Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa wa Imena. Kwa muumini aliyeumizwa na watu wa kanisa, habari hii haifuti kitu, ila inamwonyesha kwamba Injili aliyofundishwa kuna mtu aliyeishika hadi mwisho, mtaa wa pili tu.

Maungamo rasmi ya Kanisa yalichelewa. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa barua iliyosomwa parokiani tarehe 20 Novemba 2016, miaka 22 baadaye, na serikali ikaona haitoshi. Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake.

Kazi yenyewe ya kuponya ilianzia chini. Kusini mwa Ziwa Kivu, katika parokia ya Mushaka, Padre Ubald Rugirangoga, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa amepoteza mama yake na ndugu wapatao 80. Alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama, akawalipia karo watoto wa mtu huyo. Lakini parokiani hakugawa msamaha kama peremende. Wauaji waliotoka gerezani hawakupewa komunyo hivihivi: walipitia mafundisho ya miezi sita, wakaenda kwa familia walizozikosea, wakakiri mbele ya watu. Familia nazo ziliandaliwa kwa upande wao.

Utaratibu huo unayashinda mahubiri mengi yanayomwambia majeruhi asamehe leo, maana anayeharakishwa huambiwa kwa njia nyingine kwamba kilio chake ni kero. Aprili kila mwaka, Wanyarwanda wanapoingia kwenye siku 100 za Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji hayo, wapo wanaoshindwa kukanyaga kanisani, na wapo wanaokwenda wakakaa karibu na mlango. Padre, mchungaji au mzee wa kanisa akimwona mtu wa namna hiyo, amwachie nafasi yake, na asimuulize kwa nini hakuja Jumapili iliyopita.