Kazi Ikiondoka, Wenzako Wabaki

Ndugu Waislamu, tumewaona wengi waliopunguzwa kazini wakijificha: simu hawapokei, na hata maziko ya mwenzao wa ofisini hawahudhurii, kwa kuona haya tu. Haya ya nini? Sayyidna Umar (r.a.) aliposhika ukhalifa mwaka 634, alimwondoa Khalid bin Walid (r.a.) katika uongozi wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubayda (r.a.). Khalid hakususa, alibaki akitumika chini ya mwenziwe, na Abu Ubayda akaendelea kumtaka shauri. Basi mpigie mwenzako umjulie hali, wala usianze kwa kuomba kazi. Naye aliyebaki ofisini asingoje kupigiwa. Huenda mwenziwe hana hata salio.