Kipakatalishi cha safari si pambo la mezani

Muhula wa pili ukaribiapo ukingoni, barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa hujaa mabasi ya shule, na ndani yake wanafunzi wakichungulia madirishani ili wahakikishe kama kweli ndovu wa Tsavo ni wekundu kama walivyoambiwa darasani. Wengine huelekea Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wengine huzuru magofu ya Gedi, yaliyotiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2024. Na wale ambao wazazi wao wamejikakamua zaidi huvuka maji hadi Lamu. Kwa kuwa wanafunzi wetu wengi hawaruhusiwi kuwa na rununu shuleni, kazi yote ya kupiga picha huangukia kamera moja ya chama cha wanahabari na simu za walimu wawili watatu. Mikutano ya maandalizi hujadili nauli, chakula na malazi hadi usiku. Swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa ni hili: picha hizo zitalala wapi usiku ule wa kwanza?

Zama za filamu swali hilo halikuwa na maana. Mkanda ulikuwa na picha 36, na aliyeushika alifikiri mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukiisha, uliutia katika kikopo chake, ukauficha penye baridi, ukangoja kufika studio. Leo kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hutoa picha yenye ukubwa wa megabaiti 8 hadi 12 hivi, na ikiwa mpigaji amechagua kuhifadhi picha ghafi, zile ziitwazo RAW, kila moja huweza kufikia megabaiti 25 au 30. Wanafunzi arobaini wakipokezana kamera kwa siku nne, si ajabu kurudi na picha 3,000. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni gigabaiti 30 kwa picha za kawaida, na 90 kwa picha ghafi. Zote hizo zimo katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba kwa mengi. Nina mwenzangu, mwalimu wa Jiografia, ambaye kazi yote ya siku tano ya wanafunzi wake kule Turkana ilikuwa katika kadi moja ya namna hiyo. Walipofika nyumbani kadi ilikataa kusomeka. Hakuna aliyeiangusha wala kuilowesha, ilikataa tu. Basi la kurudi Turkana halikupatikana mwaka ule, wala uliofuata.

Ndiyo maana nashikilia kwamba msafara wa shule unahitaji tarakilishi ndogo ya kubebeka, yaani kipakatalishi, na kwamba uchaguzi wa kipakatalishi hicho usiachiwe mwenye duka.

Wepesi si jambo la jana. Mwaka 1981 Wamarekani walistaajabia mashine iliyoitwa Osborne 1, tarakilishi ya kwanza ya kubebeka kupata soko kubwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5. Aliyeibeba alihitaji mabega ya hamali. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ikatoa Eee PC, isiyofika hata kilo moja, na walimu wengi wakadhani dawa imepatikana. Lakini toleo lake la kwanza lilikuwa na nafasi ya gigabaiti 4 tu za kuhifadhia kila kitu. Wepesi ulinunuliwa kwa kunyimwa ghala, na kasoro hiyo ingali nasi hadi leo, ila imevaa nguo mpya.

Hebu ingia katika duka lolote la vifaa hivi jijini. Utaonyeshwa kipakatalishi chembamba, chepesi, cha bei nafuu, chenye gigabaiti 64. Muuzaji atakisifu kwa ulimi laini. Asichokuambia ni kwamba gigabaiti 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 huhitaji, kwa hivyo mashine imeshiba kabla hujaipa hata picha moja. Tena aghalabu hifadhi ya mashine hizo imelehemiwa kwenye ubao wake wa ndani. Huwezi kuing'oa ukaweka kubwa zaidi.

Kuna vile viitwavyo Chromebook, ambavyo vingi hufika kwetu vikiwa vimekwisha kutumiwa na shule za ng'ambo. Sivibezi. Ni vyepesi, betri yake hudumu, na mwanafunzi hujifunza kuvitumia kwa siku moja. Hata hivyo vimeundwa kwa mtu aishiye penye intaneti ya kasi, na kila kimoja kina tarehe ambayo baada yake hakipokei tena masasisho. Mnunuzi aitafute tarehe hiyo kabla ya kutoa pesa. Ama kuhusu kuzipeleka picha katika hifadhi ya mtandaoni kila usiku, tufanye hesabu tena. Kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 10 tu huchukua zaidi ya saa nne kupanda, ikiwa mtandao hautakatika na umeme hautapotea. Katika nyumba ya wageni yenye walimu sita wanaong'ang'ania mtandao mmoja, shughuli hiyo itawakesha.

Kundi la tatu ni mashine kuukuu kutoka ofisi za Ulaya, na hapa ndipo penye nafuu ya kweli kwa shule isiyo na fedha nyingi, mradi mnunuzi awe na macho. Zimeundwa imara, kwa watu wa kusafiri. Lakini nyingine zingali na diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka kwa kasi na sindano inayoelea juu yake kwa kimo kisichoonekana kwa jicho. Diski ya namna hiyo ikitikiswa vibaya wakati inafanya kazi, sindano huikwaruza sahani, na kilichokuwapo hakipo tena. Nani asiyejua jinsi njia zetu za mashambani zinavyotikisa? Takeni diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Jambo la pili ni programu endeshi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za kale. Kwa zile zenye kichakato cha Intel, kwa ujumla hutaka kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya kizazi cha sita yaweza kung'aa kama sarafu mpya, lakini mtakuwa mmenunua nyumba isiyo na mlinzi.

Ningekuwa mimi ninayetumwa dukani na shule, ningetafuta mashine ya ofisi iliyotumika, ya inchi 13 au 14, yenye uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu, SSD ya gigabaiti 512, na tundu la USB-C linalokubali kuchajiwa, ili betri ya akiba ya mkobani iweze kuisaidia pale umeme unapopotea. Ningeuliza kama ina mahali pa kuingizia kadi ya kamera, kwa sababu mashine nyembamba za siku hizi zimepokonywa tundu hilo. Isipokuwa nalo, ningenunua kisoma kadi, na si cha USB 2.0. Kwa kisoma cha zamani, kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa huchukua kama nusu saa kunakiliwa. Kwa USB 3.0 na kadi nzuri ni kama robo saa, na robo saa ndiyo subira ya mwalimu aliyeshinda juani akihesabu wanafunzi. Kioo kikubwa, taa za rangi chini ya herufi, na nembo ya kuringia mbele ya shule jirani, hayo ningemwachia mwenye duka.

Msomaji mwerevu atauliza kama simu haitoshi. Kwa msafiri mmoja yatosha. Simu nyingi za Android zaweza kuunganishwa moja kwa moja na diski ya nje, na iPad za Apple zimeruhusu jambo hilo tangu mwaka 2019. Lakini simu humwonyesha mtu mmoja kwa wakati mmoja, na safari ya shule ni darasa.

Katika ziara moja ya Lamu niliyoiongoza, mzee mmoja fundi wa kuchonga milango alitukubalia tuketi naye barazani alasiri nzima. Aliwaita vijana wajukuu zake nao wakamwita babu, akawaonyesha miimo, kizingiti cha juu na mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, kila kipande na jina lake na sababu ya nakshi yake. Usiku ule tulizimimina picha katika kipakatalishi, wanafunzi wakakizunguka na madaftari yao. Mara pakazuka ubishi: kipande kilicho katika picha fulani ni mfaa au ni mwimo? Daftari mbili zilisema hivi, tatu zikasema vile. Asubuhi kabla ya mashua wasichana wawili walirudi barazani kumwuliza mzee, wakaja na jibu, na jibu likaandikwa chini ya picha. Ubishi huo ungezuka wiki mbili baadaye kule Kakamega, nani angeuamua? Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya mashine hii. Ghala hata kadi ni ghala. Kipakatalishi huwapa watoto nafasi ya kugundua wasichokijua wakati mwenye kukijua angali mita mia mbili kutoka walipo.

Kuhusu nakala, kanuni inayojulikana miongoni mwa wapiga picha, na ambayo Mmarekani Peter Krogh aliieneza kwa maandishi yake, hutaka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Njiani kanuni hiyo hutekelezeka hivi: picha zibaki katika kadi, zinakiliwe katika kipakatalishi, kisha katika diski ndogo ya nje. Kadi isifutwe kabla picha chache hazijafunguliwa na kutazamwa katika nakala zote mbili. Kila siku iwe na folda yake yenye tarehe na mahali, kwani kamera huhesabu picha hadi 9999 na kuanza upya, na majina yanayofanana yanaweza kufutana. Na diski ya nje isikae katika mkoba ulio na kipakatalishi. Mwizi wa stendi hachukui nusu ya mkoba.

Limesalia jambo ambalo walimu hulipuuza. Picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Mashine ya safari basi ifungwe kwa nywila, na yaliyomo katika diski yake yasimbwe, ili ikipotea asiwepo wa kuzifungua nyuso za watoto wa watu. Ama idhini yenyewe, haihitaji mkutano mpya. Barua ya kuomba nauli huwafikia wazazi majuma kadhaa kabla ya safari. Mstari mmoja kuhusu picha waweza kutiwa papo hapo, juu ya mahali pa sahihi.