Fahali wa Idi na Chakula Chake



Kila unapokaribia Mfungo Tatu, wengi wetu tulioko ugenini hupeleka fedha nyumbani ili ndugu wanunue mafahali mapema, wawanenepeshe, kisha mmoja achinjwe kwa ajili ya familia na waliobaki wauzwe kwa wanaotaka kuchinja. Mpango ni mzuri. Ng'ombe mmoja huwatosha watu saba, bei hupanda siku zile, na kijana aliyeko kijijini hupata kazi ya halali. Lakini mara nyingi mwisho wake huwa manung'uniko: ng'ombe ni mbavu tupu, fedha imekwisha, na ndugu wawili hawasemezani.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Nilimpelekea mpwa wangu, huko Muheza, fedha za mafahali watano. Akawanunua watano mnadani kama nilivyomwagiza, na mkononi hakubaki na kitu cha kuwanunulia hata pumba. Nilipopeleka fedha nyingine, mwezi ulikuwa umepita na wanyama wamekonda. Kijana wa watu, kwa kutaka kufidia siku zilizopotea, akamwagia mmoja wao nusu debe ya mahindi yaliyoparazwa. Siku ya pili yake fahali alikuwa amekufa. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi niliyenunua watano.

Sababu ya kifo kile inafaa kufahamika. Ng'ombe hasagi majani kwa nguvu ya tumbo peke yake; ndani ya tumbo lake kubwa wamo vijidudu wasiohesabika wanaoyachachua, na vijidudu hao wamezoea majani. Nafaka nyingi ikiingia ghafla huchachuka upesi mno, tumbo likajaa asidi, na mnyama akalala asiinuke. Chakula kile kile, kikianza kwa kilo moja kwa siku na kuongezwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, humnenepesha. Ng'ombe aliyetoka mnadani apewe kwanza maji, kivuli na majani kwa siku kadhaa. Pumba zisubiri.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Ng'ombe anayenenepeshwa huhitaji chakula kikavu cha takriban asilimia mbili na nusu hadi tatu ya uzito wake kila siku. Fahali wa kienyeji wa kilo 200, basi, ahitaji kilo 5 hadi 6. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Mzigo wa kilo 20 una chakula cha kilo 4 au 5 tu. Anayeleta fungu moja la majani kwapani akasema ng'ombe amekula, amemlisha maji. Kwa siku 90 za unenepeshaji, mkimpa kila mmoja kilo 3 za chakula cha ziada kwa siku, mtatumia karibu robo tani kwa kichwa kimoja. Fedha ya robo tani hiyo ipatikane kabla ya kununua ng'ombe. Mwenye fedha za watano wasio na chakula anunue wawili au watatu, na kilichobaki akigeuze pumba na mashudu, ghalani.

Mchanganyiko wetu si wa siri: katika kila kilo 100, pumba za mahindi 70, mashudu ya alizeti au ya pamba 27, chokaa ya mifugo 2, na chumvi 1. Chokaa wengi huiacha, nao wanakosea, kwani pumba zina fosforasi nyingi na kalisi haba, na dume anayekula hivyo muda mrefu huweza kufungwa mawe katika njia ya mkojo. Pumba zenye ukungu zitupwe, kwa ajili ya sumukuvu. Maganda ya muhogo yanafaa sana yakianikwa juani hadi yakauke. Mabichi yana sumu. Urea nawasihi muiache, maana kosa dogo la kipimo huua. Ama machicha ya viwanda vya bia, najua yanalisha na ni rahisi, lakini najua pia kwamba wengi wenu hamtaki kuyasikia karibu na mnyama wa ibada, mashudu yanatosha. Maji yawepo mchana na usiku: katika joto la pwani mnyama huyu hunywa hata lita 30 au 40 kwa siku, na akikosa maji huacha kula.

Kwa malisho hayo fahali wa kienyeji huongeza nusu kilo kwa siku, pengine zaidi kidogo, yaani kilo 45 au 60 kwa miezi mitatu. Anayekuahidi kilo mia na ng'ombe ni wa kienyeji, mwulize analisha nini.

Wewe uliye mbali utajuaje? Picha za simu hudanganya, kwani tumbo lililojaa maji huonekana unene. Agiza utepe wa fundi cherehani. Apimwe mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kitako, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840, utapata kilo. Mzingo wa 140 na urefu wa 116 ni kilo 210 hivi. Kipimo hiki ni cha kukisia, lakini kikichukuliwa kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, kitakuonyesha kama ng'ombe anapanda au amesimama. Nyama itakuwa karibu nusu ya uzito huo.

Wakati wa kununua, tazameni meno. Sheria yetu ya Kishafii yataka ng'ombe aliyetimiza miaka miwili, na wa kienyeji aliyeota meno mawili makubwa ya mbele aghalabu ameshaitimiza. Chongo, kilema na mgonjwa hawafai, wala aliyekonda kupita kiasi. Maksai yafaa, naye ni mtulivu zaidi zizini. Akifika apewe dawa ya minyoo na apelekwe josho, kwani kupe wa pwani huleta ndigana kali ambayo haisubiri Idi. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ziandikwe ukutani.

Jambo moja linasahauliwa sana, nalo ni kalenda. Idi ya kuchinja hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2023 ilikuwa mwishoni mwa Juni, na miezi mitatu ya kulisha ilikwenda pamoja na masika, majani tele. Mwaka 2033 itaangukia takriban wiki ya pili ya Machi, na kulisha kutakuwa katika kaskazi, ardhi imekauka. Kadiri miaka inavyosogea huko, majani itabidi yakatwe baada ya masika, Juni na Julai, yakaushwe na kuwekwa juu ya uchaga yasilowe, yangoje hadi Disemba. Asiye na uchaga atanunua majani kwa bei ya dhahabu.

Mwisho, andikianeni. Mimi na mpwa wangu sasa tuna karatasi: mali yangu, kazi yake, faida nusu kwa nusu, na hasara isiyotokana na uzembe ni juu ya mwenye mali. Mwaka uliofuata tulinunua wawili tu. Mmoja alianza na mzingo wa 138 akafikia 149, na watu saba wa mtaa ule ule wakamchukua kabla hajafika mnadani.